Mji Unaojengwa kwa Awamu

Mgeni anayekwenda kumzuru jamaa yake Dandora, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, aghalabu haelekezwi kwa jina la barabara wala kwa namba ya nyumba, bali huambiwa ashuke Awamu ya Pili, au ya Nne, au ya Tano, na utingo wa matatu akishaisikia namba hiyo hana haja ya kuuliza zaidi. Ndivyo ilivyo pia Buruburu, mtaa wa watu wenye nafasi kidogo uliojengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa fedha za mikopo ya nyumba, nao ukagawanywa awamu tano. Yapata nusu karne imepita tangu mafundi wa kwanza wakunje kamba zao, na watoto waliozaliwa humo wamekwisha kuwa wazazi wa watu wazima, ilhali mpangilio wa kazi ya ujenzi, ambao ulikusudiwa ukae ndani ya majalada ya wahandisi na wahasibu, ungali unatamkwa kila siku vituoni, sokoni na misibani. Watu hao hawakuchagua kuishi ndani ya ratiba ya kazi, lakini ndimo walimowekwa. Na mimi naona kwamba jambo lenye uwezo wa kuyatawala maisha ya watu kiasi hicho linastahili kufahamika na kila raia.

Uwanda mtupu ndani ya jiji haupatikani kila siku. Aghalabu huwa ni shamba la mkonge lililomezwa na nyumba pande zote, au kiwanja cha ndege kilichohamishiwa mbali, au machimbo yaliyokwisha mawe, au karakana ya reli iliyofungwa; na pindi serikali au halmashauri inapoazimia kwamba hapo pawe maskani ya watu, hapana budi kazi igawanywe, kwa kuwa ukubwa wake ni wa maelfu ya nyumba na fedha zilizopo hazitoshi hata robo yake. Wala fedha si sababu pekee. Hata mwenye hazina isiyokauka angejikuta hana mafundi wa kutosha, na saruji ingepanda bei kwa pupa yake mwenyewe, na nyumba elfu kumi zikimiminwa sokoni kwa mwaka mmoja zingebaki na kufuli milangoni kwa kukosa wa kuzinunua. Fauka ya hayo, kazi iliyogawanywa humpa mjenzi nafasi ya kujisahihisha: kosa la uchochoro wa kwanza linaweza kuepukwa katika uchochoro wa mia. Hivyo kujenga kwa awamu ni jambo la busara, na sina neno nalo. Neno langu ni juu ya kitu kinachowekwa ndani ya kila awamu, na kitu kinachoahirishwa.

Mafundi wa mwambao wetu huunda jahazi kwa utaratibu usiopinduka: hulazwa mkuku kwanza, vikafuata mataruma na mbao za ubavuni, na kalafati mwisho, wala hapana abiria anayepakiwa kabla chombo hakijaelea. Mji ni kinyume cha hayo, kwa maana abiria wake hupakiwa mkuku ungali unalazwa, wakapika, wakazaa, wakasomesha na wakazika huku nyundo zinalia mtaa wa pili. Kwa sababu hiyo haifai kuihesabu awamu kama kipande cha kitu kizima kitakachopata maana siku kazi itakapotimia. Awamu yatakiwa iwe mji mdogo uliojitosheleza tangu mwaka wake wa kwanza, na swali la kuipima ni hili: lau kazi ingekoma hapa, na awamu inayofuata isije abadani, je, waliokwisha kuhamia wangekuwa na mji, au wangekuwa na nyumba zilizotupwa nyikani? Swali hilo si la kutisha watu bure. Serikali hubadilika, mikopo hukauka, vita na maradhi hutokea, na awamu ya tatu ambayo kwenye ramani imepakwa rangi ya kijani yaweza kubaki rangi hiyo kwa miaka thelathini.

Kuna ugumu wa kweli hapa, nao upo chini ya ardhi, mahali ambapo mnunuzi wa kiwanja hapaoni. Maji machafu hayapandi mlima. Hufuata mteremko mpaka bondeni, na bomba kuu linaloyapokea lazima liwe na upana wa kuuchukua mji mzima tangu siku linapofukiwa, ijapokuwa mwaka ule wa kwanza linapitisha maji ya nyumba mia mbili tu. Ukilaza bomba jembamba kwa kuwa wakazi wangali wachache, itakupasa uje kulifukua chini ya barabara yenye magari, maduka na watoto wa shule, kwa gharama iliyo kubwa maradufu. Ndivyo ilivyo kwa bomba kuu la maji safi, na njia kuu ya umeme, na mfereji wa mvua, na barabara inayouunganisha uwanda na mji wa zamani. Kwa hiyo awamu ya kwanza huibeba mizigo ya ndugu zake wote wasiozaliwa bado: ndiyo ghali kuliko zote, na ndiyo yenye watu wachache wa kuilipia. Mhasibu akiitazama hesabu hiyo hushikwa na hofu, na katika hofu hiyo hukata. Akikata bomba, kosa litaonekana mapema, kwa sababu choo kilichoziba hakikubali kusubiri. Basi aghalabu hukata kile ambacho kukosekana kwake hakunuki, yaani shule, zahanati, soko, uwanja wa kuchezea na miti.

Lakini mtoto wa miaka saba hawezi kuingoja Awamu ya Tatu ili aanze darasa la kwanza.

Turejee Dandora, kwa kuwa ni mahali pa kujifunzia mengi, mema na ya kusikitisha. Mwaka 1975 serikali ya Kenya na Halmashauri ya Jiji la Nairobi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, walianza mradi wa kupima viwanja 6,000 kwa ajili ya watu wa kipato kidogo, wale waliokuwa wakipata baina ya shilingi 280 na 650 kwa mwezi, ambao katika jiji lile hawakuwa na mahali pa halali pa kulaza ubavu. Fikra yake ilikuwa mpya na, naamini, ya haki: kwa kuwa fedha hazikutosha kumjengea kila mmoja nyumba nzima, na kwa kuwa maskini naye ni mjenzi mzuri akipewa nafasi, basi serikali imfanyie yale asiyoyaweza, yaani ardhi yenye hati, maji ya bomba, njia ya maji machafu na barabara, naye afanye anayoyaweza. Wengi katika waliobahatika waliikuta kazi ya serikali imekomea kwenye chumba kidogo cha choo na bafu, kimesimama peke yake juu ya kiwanja kitupu, na mkopo mdogo wa kununulia vifaa vya ujenzi. Wengine waliongezewa jiko na stoo. Wachache sana walipata na vyumba vya kulala, nao waliuziwa kwa bei ya soko ili ziada yake iwapunguzie mzigo wale wa chini.

Tafakari namna awamu zilivyokaa ndani ya awamu hapo. Mji mzima ulijengwa kwa mafungu, viwanja kama elfu moja vikitangulia na vilivyobaki vikifuata. Na ndani ya kila kiwanja mwenyewe naye alijenga kwa mafungu, chumba kimoja cha kulala na watoto, kisha cha pili cha kupangisha, na kodi ya chumba hicho ikanunua mawe ya cha tatu. Wanawake kwa wanaume waliunda vikundi vya ujenzi, wakichanga na kumjengea mmoja chumba leo na mwingine mwezi ujao. Choo kile kilichosimama peke yake, ambacho baadhi ya wakubwa wa halmashauri walikionea haya wakasema jiji linajengewa vibanda, ndicho kilichomwezesha mnyonge kuanza kuishi kwenye ardhi yake kwa heshima kabla hajawa na nyumba. Hicho ndicho kitu cha kutanguliza. Mtu anaweza kulala miezi kadhaa katika chumba kisicho na plasta wala dari, lakini hawezi kukaa wiki moja mahali pasipo na maji wala choo bila ya kudhurika yeye na jirani yake.

Mvutano juu ya viwango, ambao upande mmoja ulitaka nyumba zilizo bora zaidi na upande wa pili ulitaka nyumba ambazo maskini ataweza kuzilipia, uliichelewesha kazi, na awamu za mwisho zikasogea mpaka miaka ya 1980. Katika kungoja huko bei za vifaa zilipanda na kipato cha mnyonge hakikupanda, hata wengine wakaviachia viwanja vyao, au wakavipangisha vyote na kubaki kule kwenye mabanda walikotoka, wakiishi kwa kodi. Siwalaumu. Mtu akipewa haki nusu leo na kuahidiwa nusu nyingine siku isiyojulikana, atafanya hesabu ya kumsaidia kufika kesho.

La kusikitisha zaidi ni la jirani wa Dandora. Katika miaka ileile ya 1970, kando ya mtaa huo mpya na karibu na mto Nairobi, machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi yalianza kumwagiwa taka za jiji. Kujaza shimo la machimbo kwa taka lilikuwa jambo la muda katika fikra za wakati huo, na mashimo hujaa. Mwaka 2001 jaa la Dandora lilitangazwa kwamba limejaa. Lakini malori hayakukoma, na kilichokuwa shimo kikawa kilima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi hapohapo, uliwapima watoto 328 wa maeneo ya karibu, ukakuta kwamba nusu yao wana madini ya risasi katika damu kwa kiasi cha mikrogramu 10 au zaidi kwa desilita, kiasi ambacho waganga wa wakati huo walikihesabu kuwa cha hatari. Watoto hao hawakuwapo wakati ramani ilipochorwa. Waliletwa duniani ndani ya ratiba ambayo ndani yake neno la muda halikuwekewa tarehe ya mwisho, na kwa hiyo nasema kwa nguvu zote kwamba kila kinachoitwa cha muda kwenye uwanda unaojengwa, liwe jaa, iwe karakana ya kuchanganyia zege, iwe kituo cha malori au shimo la kuchukulia kifusi, sharti kiandikiwe siku ya kuondoka, na jina la ofisi itakayokiondoa, kabla hakijaanza.

Kuna la kufurahisha pia, na si haki kulinyamazia. Wachoraji wa Dandora walizipanga nyumba kuzunguka viwanja vidogo vya pamoja, ua wa jumuiya ambao wenye nyumba zote zinazouzunguka wangeutumia. Fedha za kuvitengeneza viwanja hivyo hazikuja, navyo vikageuka majalala na maficho ya wezi. Ndipo katika miaka ya baada ya 2010 vijana wa mtaani, wakiungana chini ya jina la Dandora Transformation League, walipoanza kuvisafisha kimoja baada ya kingine, wakaweka lango, wakapanda miche, wakapaka rangi kuta, wakawatoza wenye magari ada ndogo ya maegesho ili fedha hiyo imlipe mfagiaji na mlinzi. Wakafanya na mashindano baina ya ua na ua. Maana yake ni kwamba nafasi ile, ilivyochorwa vyema mwanzoni na ikasalia bila kujengwa, iliweza kuwangoja watu miaka thelathini na zaidi mpaka wakapata nguvu ya kuifanya iwe walivyotaka. Lau ingeuzwa, hakuna bidii ya kijana yeyote ambayo ingeirudisha.

Sasa tuvuke bahari, twende Vienna, mji mkuu wa Austria, si kwa sababu Ulaya ndiyo kipimo cha kila jambo, bali kwa sababu huko kuna uwanda ambao wenyewe waliamua kuupanga kwa kuutanguliza mguu ule ambao sisi huuacha nyuma. Mashariki ya mji huo, ng'ambo ya mto Danube, palikuwa na kiwanja cha ndege cha Aspern, kilichofunguliwa mwaka 1912 na kufungwa mwaka 1977. Ardhi yake ilikaa kwa muda mrefu, sehemu yake ikajengwa kiwanda cha injini za magari, na nyingine ikabaki nyasi na lami iliyopasuka. Mwaka 2007 mji uliridhia ramani ya kujenga hapo, juu ya hekta 240, mtaa wa kukaa watu zaidi ya elfu ishirini, na kazi za kuwapatia riziki takribani idadi hiyohiyo, kwa awamu zitakazoendelea mpaka miaka ya 2030.

Walianza na nini? Walianza na ziwa na treni. Ziwa la hekta tano hivi lilichimbwa katikati ya uwanda, na changarawe iliyotoka humo na katika misingi ya nyumba ikatumika palepale kutengenezea zege, hata maelfu ya safari za malori yakaepukwa. Nayo treni ya mji, njia iitwayo U2, ilifikishwa mpaka kando ya ziwa hilo Oktoba 2013, wakati hapakuwa na mkazi hata mmoja. Abiria aliyeshuka kituo cha mwisho siku zile alijikuta juu ya jukwaa jipya linalong'aa, chini yake mashamba na mashine za kuchimbia. Kuna walioona kwamba huo ni ubadhirifu. Wakazi wa kwanza walihamia mwaka uliofuata, 2014, na kwa kuwa treni ilikuwapo tangu asubuhi yao ya kwanza, aliyekwenda kazini alikwenda kwa treni, akazoea, wala hakulazimika kununua gari ambalo angelitafutia maegesho. Mazoea ya watu hufungwa katika miezi michache ya kwanza; barabara ya lami ikitangulia na treni ikafuata miaka kumi baadaye, treni hukuta watu wamekwisha kujifunga madeni ya magari.

Jambo la pili walilolifanya lilikuwa dogo kwa sura na kubwa kwa faida. Muuza dawa hafungui duka mahali penye familia mia tatu, kwa maana hatapata hata kodi ya mlango. Na familia hazipendi kuhamia mahali pasipo na duka la dawa. Kila mmoja humngoja mwenziwe. Ili kuivunja subira hiyo, iliundwa kampuni maalumu ya kuzikodi na kuzisimamia nafasi za maduka za mtaa mkuu, ikachagua ni biashara zipi ziwepo, duka la vyakula, la mikate, la dawa, la vitabu, na wale ambao faida yao isingetosha mwanzoni wakapunguziwa kodi mpaka watu waongezeke. Shule na chekechea zilifunguliwa mwaka 2015, mwaka mmoja baada ya wakazi wa kwanza kuhamia, na hata mwaka huo mmoja haukuwa mwepesi kwa wazazi.

Wala Vienna nako si peponi. Viwanja vya wazi vya awamu ya kwanza vilitandazwa mawe na zege kuliko inavyofaa, miti ikawa michache na midogo, na siku za joto wakazi walilalamika kwamba wamejengewa jangwa. Malalamiko hayo yalisikiwa. Katika sehemu zilizofuata waliweka chini ya barabara tabaka la mawe yaliyoacha nafasi katikati yake, ambamo maji ya mvua hujikusanya badala ya kukimbilia mferejini, na mizizi ya miti ikapata pa kutandaa na pa kunywa. Hiyo ndiyo fadhila ya awamu, kwamba waliotangulia wakisikilizwa huwafaa waliochelewa; ingawa ingekuwa insafu zaidi wale waliotangulia nao warejeshewe kivuli chao.

Hebu sasa tupime na pwani yetu. Dar es Salaam haikuanza jana kazi hii: Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa katika miaka ya 1970 kwa mradi wa viwanja na huduma uliofanana na ule wa Dandora, na yeyote anayepita Sinza leo ataona kwamba mistari ya barabara iliyonyooshwa wakati ule ingali inaufaa mji, japo nyumba zimepandiana ghorofa na maduka yamejaa mbele yake. Kisha ukaja mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ambao ulipima ardhi pembezoni mwa jiji, Mbweni na Bunju upande mmoja, Buyuni na Mwanagati upande mwingine, na Kibada, Kisota na Tuangoma upande wa kusini, ukaipita hata hiyo idadi iliyoupa jina. Fedha iliyoutekeleza ilirudi kwa bei waliyolipa wanunuzi, nalo ni jambo la kusifiwa katika nchi ambayo miradi mingi hufa mara mfadhili akiaga. Lakini viwanja vilipimwa vyote takriban kwa wakati mmoja, kila upande wa jiji, na barabara zake nyingi zilikuwa njia za udongo zilizofyekwa na kusawazishwa tu. Maji ya bomba na umeme viliachwa vije baadaye. Matokeo yake ni kwamba watu walinunua, wakaweka mawe ya mipaka, wakaondoka. Viwanja vingi vilikaa miaka na miaka vimeota majani, na yule aliyejikakamua kujenga akakaa peke yake na kisima chake, jenereta yake na mbwa wake.

Angalia Kibada. Iko Kigamboni, na Kigamboni inatenganishwa na katikati ya mji na mkono wa bahari. Mwenye kiwanja huko alitegemea kivuko, akipanga foleni alfajiri na kupanga tena magharibi. Viwanja viligawiwa katika miaka ya mwanzo ya karne hii, na daraja la kwanza la kuuvuka mkono huo lilifunguliwa Aprili 2016. Kule Vienna treni ilitangulia mwaka mmoja, na huku kwetu njia ilikuja zaidi ya miaka kumi baadaye. Siyasemi haya kwa kudharau, kwani daraja ni kazi kubwa na fedha yake haiokotwi. Nasema kwamba, maadamu daraja halikuwa tayari, ingalifaa viwanja vya kwanza vifungamane mahali pamoja panapofikika, maji yafike hapo, shule isimame hapo, watu wajae hapo, ndipo upimaji usogee mbele. Viwanja elfu mbili vyenye kila kitu vinawafaa wananchi kuliko viwanja elfu ishirini vyenye mawe ya mipaka peke yake. Na aliyelipa fedha yake ya miaka kumi ya utumishi akapewa jiwe hakutendewa haki, hata kama jiwe lenyewe lina hati.

Yako mambo madogo ambayo wapangaji wazuri huyajua na wanunuzi hawaambiwi. Malori ya awamu inayofuata yasipitishwe katikati ya awamu iliyokwisha kukaliwa, ila yapewe njia yao ya nyuma, kwa sababu vumbi, ajali na mitikisiko ya miaka kumi haitibiki kwa samahani. Miti ipandwe kwenye ardhi ya awamu za mwisho tangu mwaka wa kwanza, iwe kitalu na kivuli, kwa maana mti hauna njia ya mkato. Na kiwanja cha shule kizungushiwe ukuta na kuandikishwa kwa jina la shule siku ileile ramani inapotiwa saini, hata kama shule yenyewe itajengwa baada ya miaka minane. Katika miji yetu ardhi iliyo wazi na isiyo na jina haikai. Kwanza huja genge la kuuza mboga, kisha gereji, kisha mtu mwenye barua, na siku watoto wanapotimia idadi ya kujaza madarasa, uwanja haupo tena.

Lipo na hili la haki baina ya mwenye nacho na asiye nacho. Mradi ukianza, bei ya ardhi iko chini, kwa kuwa mahali hapajulikani. Kila awamu ikikamilika bei hupanda, na uwanda uliobaki unakuwa dhahabu. Basi iwapo nyumba za watu wa chini zimewekwa awamu ya mwisho, kama inavyofanywa mara nyingi kwa kisingizio kwamba faida ya nyumba za ghali ndiyo itakayozilipia, mwisho ukifika utakuta ardhi yake imekuwa ghali mno kupewa watu hao, na mkutano utaitishwa, na ahadi itafasiriwa upya. Njia ya salama ni kuwachanganya tangu awamu ya kwanza, nyumba ya karani na ya mchuuzi upande huu na huu wa barabara moja. Dandora, pamoja na dosari zake zote, iliwatanguliza maskini, na ndiyo maana maskini waliweza kupata ardhi ndani ya Nairobi.

Sheria ya Mipangomiji ya Tanzania ya mwaka 2007, na ile ya Kenya ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, zote zinampa mwananchi nafasi ya kuiona ramani na kutoa maoni yake kabla haijapitishwa, na nafasi hiyo ni nadra kutumiwa. Basi wewe unayesoma, ukisikia kwamba uwanda wa karibu nawe umepata mpango, nenda ofisi ya halmashauri ukiwa na mwenzio mmoja au wawili, omba kuiona ramani pamoja na ratiba yake, na uulize maji yatafika mwaka gani, shule itafunguliwa mwaka gani, na kiwanja cha shule hiyo kimeandikishwa kwa jina la nani. Yatake majibu hayo kwa maandishi yenye saini na muhuri, na usilipie kiwanja kabla hujayapata.